Mvinyo wa mapovu wa Ufaransa katika meza ya Mlima Elgon: Namna ya kuchagua bila kulipia jina

KATIKA sherehe nyingi za harusi na mahafali, kuanzia Kapsokwony hadi Kitale na Bungoma, mvinyo wowote unaotoa mapovu huitwa shampeni. Hata hivyo, kwa mujibu wa sheria za Ufaransa na za Umoja wa Ulaya, shampeni ni mvinyo unaotoka katika eneo moja tu: Champagne, lililoko kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, kandokando ya miji ya Reims na Épernay. Mvinyo mwingine wa mapovu, hata uwe bora kiasi gani, hauna haki ya kubeba jina hilo.

Tofauti hii si ya maneno matupu, kwani inagusa mfuko. Familia iliyouza mahindi au kahawa ili kugharamia karamu ya mtoto wao ikinunua shampeni halisi, sehemu kubwa ya fedha hizo hulipia sifa ya jina. Ikinunua chupa yoyote kwa kuvutiwa na karatasi ya dhahabu shingoni, huenda ikapata maji ya sukari yaliyotiwa gesi. Kati ya mambo hayo mawili ipo njia ya tatu: mvinyo wa mapovu kutoka mikoa mingine ya Ufaransa, ambao mwingi wake hutengenezwa kwa mbinu ileile ya Champagne na kwa kawaida huuzwa kwa bei nafuu zaidi.

MAPOVU HUTOKA WAPI

Mwenyeji wa Bungoma hahitaji kuvuka bahari ili aelewe jambo hili. Busaa huandaliwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, kisha ukachanganywa na maji pamoja na kimea cha wimbi. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo na gesi ya kabonidayoksaidi. Kwa kuwa chungu kiko wazi, gesi hutoroka, na mnywaji huonja ule mwasho mdogo tu unaobaki ulimini.

Mtengenezaji wa mvinyo wa mapovu huizuia gesi hiyo. Huchukua mvinyo uliokwisha kuchacha, akautia sukari na hamira kidogo, kisha akaufunga katika chupa nene. Uchachukaji wa pili hufanyika humo humo, na gesi isiyo na pa kutokea huyeyuka ndani ya mvinyo. Chupa hulazwa kwa miezi kadhaa juu ya mashapo ya hamira, ambayo huupa mvinyo harufu ya mkate uliookwa. Hatimaye mashapo husogezwa hadi shingoni na kutolewa, na mvinyo huongezwa sukari kwa kipimo kabla ya kutiwa kizibo. Njia hii huandikwa katika lebo "Méthode traditionnelle". Maneno "Méthode champenoise" hayaruhusiwi tena katika chupa za nje ya Champagne tangu 1994.

Njia ya zamani zaidi ni "méthode ancestrale", ambapo mvinyo hufungwa chupani kabla uchachukaji wa kwanza haujakwisha. Njia ya gharama ndogo ni kuchachusha katika tangi kubwa lililofungwa. Ya mwisho kwa hadhi ni kupuliza gesi ndani ya mvinyo kama ifanywavyo soda. Chupa hizo huandikwa "gazéifié", na mapovu yake huwa makubwa na hufa upesi.

MAJINA YA KUTAFUTA

Neno la kwanza la kukariri ni "Crémant". Nchini Ufaransa maeneo manane yana haki ya kulitumia: Alsace, Bourgogne, Loire, Limoux, Bordeaux, Die, Jura na Savoie. Bourgogne na Loire zilipata haki hiyo 1975, Alsace 1976, na Savoie ndiyo ya mwisho, mwaka 2015. Masharti yake ni makali. Zabibu huvunwa kwa mikono na kukamuliwa zikiwa vichala vizima. Kilo 150 za zabibu hazipaswi kutoa zaidi ya lita 100 za maji ya zabibu. Na mvinyo sharti ukae juu ya mashapo kwa muda usiopungua miezi tisa. Kwa hiyo neno hilo moja ni dhamana kwa mnunuzi asiyejua Kifaransa.

Crémant d'Alsace hutokana hasa na zabibu aina ya Pinot Blanc. Ni mwepesi, wenye harufu ya tufaha, na unafaa kwa mtu anayeanza. Crémant de Bourgogne hutumia Chardonnay na Pinot Noir, zabibu zilezile zinazotawala katika Champagne, hivyo ndio unaokaribia shampeni kwa ladha. Crémant de Loire pamoja na majirani zake Vouvray na Saumur hutegemea zabibu ya Chenin Blanc, yenye uchachu mkali na harufu ya pea na asali.

Limoux, kusini mwa nchi, hutoa pia Blanquette de Limoux, ambao angalau asilimia 90 ya zabibu zake ni za aina ya Mauzac. Wenyeji wa huko hudai kwamba watawa wa abasia ya Saint-Hilaire walikuwa na mvinyo wa mapovu tangu 1531, kabla ya Champagne kujulikana kwa kinywaji hicho. Kwa wapendao utamu, kuna Clairette de Die wa bonde la Drôme, unaonukia zabibu mbivu za Muscat, na Bugey-Cerdon wenye rangi ya waridi. Hii miwili ina kileo kidogo, kiasi cha asilimia 7 hadi 9, ilhali mvinyo mwingi wa mapovu hufikia asilimia 12.

MTEGO WA NENO "SEC"

Baada ya jina la eneo, tazama kiwango cha sukari. "Brut nature" una chini ya gramu tatu kwa lita. "Extra brut" hauzidi gramu sita. "Brut" hauzidi 12. "Extra dry", kinyume cha inavyodhaniwa, ni mtamu kuliko "Brut", kwani una gramu 12 hadi 17. "Sec", neno linalomaanisha kukauka, una gramu 17 hadi 32, na "Demi-sec" 32 hadi 50. "Doux" hupita 50. Wengi waliolalamika kwamba mvinyo wa Ufaransa ni mchungu walipewa "Brut" na kipande cha keki. Kosa halikuwa la mvinyo wala la keki, bali la kuvikutanisha.

CHAKULA GANI NA MVINYO GANI

Kanuni ni chache. Uchachu na mapovu hukata mafuta. Chumvi huulainisha mvinyo mkavu. Pilipili huzidisha ukali wa kileo, hivyo huhitaji sukari kidogo. Na kitindamlo hakipaswi kamwe kuwa kitamu kuliko mvinyo.

Kwa vitafunio vya kukaanga, kama vile sambusa, viazi karai, chipsi na omena iliyokaushwa vyema, chagua Crémant d'Alsace au Blanquette de Limoux wa "Brut". Mafuta na chumvi ndivyo hasa vinavyoupendeza mvinyo huu. Mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na chumvi huingia katika kundi hili.

Samaki wa Ziwa Victoria aliyekaangwa kisha akatiwa mchuzi wa nyanya humfaa Crémant de Loire au Saumur, kwa sababu uchachu wa nyanya huufanya mvinyo usio mchachu uonekane kama maji. Hali ni hiyo hiyo kwa kachumbari.

Kuku wa kienyeji, ambaye hakuna mgeni wa heshima katika nyumba ya Mbukusu anayekosa kuandaliwa, ana nyama ngumu yenye ladha nzito na mchuzi wenye mafuta. Mpe Crémant de Bourgogne. Ugali wa wimbi unaoandamana naye hauna shida, kwani harufu yake ya nafaka iliyokaangwa huoana na ile harufu ya mkate iliyoachwa na hamira.

Mbuzi wa kuchoma huhitaji mvinyo wa mapovu wenye rangi ya waridi, "rosé", kutoka Alsace, Bourgogne au Loire. Pinot Noir au Cabernet Franc zilizomo huupa mwili wa kutosha kustahimili moshi na nyama. Pilau yenye viungo vingi na pilipili huenda na Vouvray wa "Demi-sec".

Mboga za kienyeji ni mtihani. Uchungu wa sagaa, managu na kunde huongeza ukavu wa mvinyo. Dawa iko katika desturi yenyewe: mboga zilizolazwa katika maziwa au samli hupoteza ukali wake, na hapo "Brut" wa kawaida hukubalika, ila si "Extra brut". Mursik nao uachwe peke yake. Uchachu wake na ladha ya mkaa wa kibuyuni haviachi nafasi kwa kinywaji kingine, na ni heshima kuunywa kwa wakati wake.

Keki ya harusi yenye sukari ya juu, mandazi matamu, maembe na ndizi mbivu ni vya Clairette de Die au Bugey-Cerdon. Wenye kuandaa harusi wakikumbuka jambo hili moja pekee, watakuwa wameokoa fedha na nyuso za wageni.

KUNUNUA, KUHIFADHI NA KUFUNGUA

Chupa za maeneo haya hazipatikani kila duka, hivyo ni busara kuuliza na kuagiza mapema katika maduka makubwa ya Kitale, Eldoret au Nairobi. Hakikisha chupa ina stempu ya ushuru ya KRA, na uikague kwa programu ya simu ya Soma Label, kwa maana vileo ghushi vimewahi kuua Wakenya wengi. Epuka chupa iliyosimama dirishani juani. Mwanga na joto huharibu mvinyo huu kuliko umri.

Baada ya safari ya matatu ya kupanda Kapsokwony, iache chupa itulie kwa siku nzima. Uipoze hadi nyuzi nane au kumi: saa tatu katika jokofu, au nusu saa katika ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji. Baridi ya usiku ya mlimani husaidia, lakini pekee haitoshi.

Ndani ya chupa mna shinikizo linaloweza kufika bari tano au sita, zaidi ya maradufu ya gurudumu la gari dogo. Tena, Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Gesi hutoka kwa kasi zaidi, na Kapsokwony haina tofauti kubwa. Kwa hiyo usiitikise chupa kwa mbwembwe. Shika kizibo kwa kitambaa, legeza waya, inamisha chupa kando ya watu, kisha zungusha chupa yenyewe, si kizibo. Sauti inayotakiwa ni ya pumzi, wala si ya risasi.

Chupa ya mililita 750 hujaza glasi sita. Kwa dua na pongezi pekee, mililita 75 kwa kila mtu zinatosha, hivyo chupa sita zitawahudumia wageni 60. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18, na mja mzito pamoja na dereva hawafai kushawishiwa. Tenga juisi ya zabibu yenye gesi kwa ajili yao na kwa wale ambao imani yao hairuhusu kileo, na uimimine katika glasi za aina ileile, ili wakati wa kuwatakia heri maarusi pasiwe na mgeni anayejiona ametengwa.