Utarudi Lini, na Utarudi Wapi?

 Zamu ya kuandika imenifikia, na mada niliyopewa ni historia ya kusoma nje. Nilianza na majina ya vyuo, nikafuta yote. Nitaandika historia ya swali moja tu, kwa sababu ndo swali lililonikalisha kwenye ukuta wa mawe pale Kiyovu, bahasha ya kaki mkononi, nikiwa sijui nichukue moto au nitembee tu kwa miguu.

Nilikuwa nimetoka kwenye ubalozi mmoja, sitautaja. Barua ya chuo ninayo. Ufadhili ninao, karibu wote. Ofisa aliangalia karatasi zangu kwa adabu kabisa, kisha akauliza: "Ukimaliza masomo utarudi nchini kwako?" Nikamwambia mimi ni mkimbizi. Akarudia swali lile lile, polepole zaidi, kana kwamba sikulisikia vizuri. Dakika chache baadaye nilikuwa nje.

Kwa asiyejua, Kiyovu ni kile kilima chenye miti mikubwa katikati ya Kigali, kwenye balozi, nyumba za wakubwa na hoteli ya Mille Collines. Wazee wa mji wanakumbuka kwamba Kiyovu zilikuwa mbili: ya matajiri huku juu, na chini yake Kiyovu cy'abakene, Kiyovu ya maskini. Ile ya chini ilibomolewa karibu na mwaka 2008 na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Batsinda. Nilipokaa pale ukutani nilijiuliza kama nao waliwahi kuulizwa kwao ni wapi.

Sasa tuje kwenye historia yenyewe. Tarehe 28 Julai 1951, Geneva, ulipitishwa Mkataba wa Wakimbizi. Kiini chake tunakijua wote: mkimbizi ni mtu asiyeweza kurudi kwao kwa sababu ya hofu ya kweli ya kuteswa, na hakuna serikali inayoruhusiwa kumrudisha huko kwa nguvu. Mwaka uliofuata, 1952, Marekani ilitunga sheria yake kubwa ya uhamiaji. Humo mwanafunzi wa kigeni alielezwa kuwa ni mtu mwenye makazi nje ya Marekani ambayo hana nia ya kuyaacha. Na ofisa wa viza aliambiwa amhesabu mwombaji kuwa anataka kuhamia moja kwa moja, mpaka mwombaji mwenyewe athibitishe vinginevyo. Nchi nyingine nyingi nazo zinauliza jambo hilo hilo kwa maneno yao.

Ona sasa. Karatasi ya kwanza inakulinda kwa sababu huwezi kurudi. Ya pili inakufungulia mlango ukithibitisha kwamba utarudi. Zilitungwa kwa kupishana mwaka mmoja, na mkimbizi anayetaka kusoma amesimama katikati yake tangu siku hizo.

Na si sisi wa kwanza. Novemba 1959 machafuko yalianza Rwanda, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu laki moja walivuka kwenda Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Watoto wao ndio wengi wa wakubwa tunaowaona leo mjini hapa. Mzee mmoja jirani yetu alikulia Nakivale, kule Uganda. Nilipomsimulia mambo ya ubalozi alicheka, kicheko kisicho na furaha sana, akasema: "Mwanangu, sisi tulikuwa hatuna hata wa kutuuliza." Alinieleza jinsi baadhi ya wenzake walivyochukua majina ya Kiganda au ya Kinyankole ili wapate nafasi shuleni. Yaani mtu anafaulu mtihani kwa akili yake, halafu cheti kinabeba jina la mtu mwingine.

Kuna jambo sikulijua mpaka nilipousoma Mkataba wenyewe. Mwanzoni ulihusu watu waliokimbia kwa matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951 tu! Waliotunga walikuwa wanawafikiria watu wa Ulaya waliotawanywa na vita. Mnyarwanda wa 1959 alikuwa nje ya maneno hayo. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliwasaidia, ndiyo, lakini kizuizi cha tarehe kiliondolewa na Itifaki ya 1967, na miaka miwili baadaye, 1969, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukapitisha mkataba wake huko Addis Ababa. Rwanda yenyewe ilijiunga na Mkataba wa 1951 mwaka 1980, wakati watoto wake wa 1959 walikuwa bado ugenini, wengine wameshazaa huko.

Lakini mbona tunasikia kwamba miaka ile ile vijana wa Afrika Mashariki walipanda ndege kwa wingi kwenda kusoma Marekani? Ni kweli. Septemba 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, ilitua New York. Aliyepanga safari hiyo alikuwa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, pamoja na marafiki zake Wamarekani, akiwemo Jackie Robinson mcheza besiboli na Harry Belafonte mwimbaji. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Mpaka 1963 walikuwa wamesafiri karibu wanafunzi 800, na mmoja wao alikuwa binti wa Nyeri aliyepelekwa chuo kidogo cha masista huko Kansas: Wangari Maathai.

Ninaipenda hadithi hii kwa sababu ya pesa. Vijiji vilichanga. Watu waliuza mifugo, wakaandaa karamu za chai, mwanafunzi akafunga safari akiwa na deni la ukoo mzima kichwani. Wengi walifanya kazi za mkono wakati wa likizo ili wamudu kubaki darasani. Hapo hatutofautiani nao hata kidogo. Tofauti iko kwenye lile swali. Mwanafunzi wa Mboya akiulizwa kama atarudi, jibu lilikuwa ndo sababu ya safari yenyewe: nchi inakaribia uhuru na inahitaji watu. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na waliokuwa wamemaliza wakapata ofisi zinawangoja.

Yuko mwingine ambaye kwangu mimi anatufaa zaidi. Eduardo Mondlane, mtoto wa kusini mwa Msumbiji, alifukuzwa Afrika Kusini mwaka 1949 akiwa mwanafunzi wa Witwatersrand. Akajaribu Lisbon, kisha akaenda Marekani, akahitimu Oberlin mwaka 1953, akapata udaktari wa falsafa Northwestern, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha chuo kikuu cha Syracuse. Angeweza kubaki kule na maisha yake mazuri. Alirudi. Ila alirudi wapi? Msumbiji ilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Alirudi Dar es Salaam, mji usio wake, ambako FRELIMO iliundwa mwaka 1962 naye akawa rais wake, na mkewe Janet akaanzisha Taasisi ya Msumbiji kwa ajili ya wanafunzi wakimbizi. Huko huko ndiko bomu lilimuulia Februari 1969.

Sitaki tuifanye hadithi ya Mondlane kuwa tamu kupita kiasi. Katika miaka yake ya mwisho aligombana vikali na baadhi ya wanafunzi wa Msumbiji waliokuwa ng'ambo. Yeye alitaka warudi kutumikia vita vya ukombozi, wao walitaka kuendelea na shahada, na machafuko ya mwaka 1968 yalisababisha Taasisi ile ya Dar kufungwa. Kwa hiyo swali la kurudi haliulizwi na mabalozi peke yao. Hata watu wetu wanaliuliza, tena kwa sauti kali zaidi. Nani hapa hajawahi kutumiwa ujumbe na mjomba wake: "Ukifika huko usitusahau"?

Mwaka 1978 kulitokea wazo tofauti kabisa. Shirika la WUSC la Kanada lilianza kuwapeleka wanafunzi wakimbizi kwa njia ya udhamini, si kwa viza ya mwanafunzi. Ukichaguliwa unaingia kama mkazi wa kudumu. Hakuna anayekuuliza utarudi lini. Unaweza kufanya kazi kama mkazi mwingine yeyote. Na jambo linalonigusa: katika vyuo vingi fedha zinatoka mifukoni mwa wanafunzi wenyewe wa Kanada, ambao walipiga kura kila mmoja achangie dola chache kwenye ada yake. Ni mchango wa vijiji vya Kenya ule ule, umegeuzwa upande. Zaidi ya vijana 2,000 wamepita mlango huo, wengi wao kutoka kambi kama Dadaab, Kakuma na Dzaleka.

Nyingine nitazitaja haraka. DAFI, inayolipiwa zaidi na serikali ya Ujerumani, ilianza 1992 na kawaida inakusomesha katika nchi uliyokimbilia, kwa hiyo viza haiingii kabisa. Italia ilifungua njia ya vyuo vikuu mwaka 2019, ikianza na wanafunzi wachache waliokuwa Ethiopia. Marekani nayo ilifungua udhamini wa vyuo mwaka 2023, wanafunzi wa kwanza wakafika 2024, na Januari 2025 mpango mzima wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa kwa sahihi moja. Ninyi wa mashirika mnaojaza fomu pamoja nasi, mnajua wiki ile ilikuwaje kambini.

Hapa Rwanda mambo mawili yameniachia mawazo. La kwanza ni Kiziba, kambi iliyoko juu ya Ziwa Kivu, ambako kuanzia 2015 Kepler waliwasomesha Wakongo kwa shahada ya chuo cha Marekani, Southern New Hampshire. Digrii ya ng'ambo bila kuvuka hata lile ziwa. La pili: Agosti 2021 shule ya bweni ya wasichana wa Afghanistan, SOLA, ilihamia Rwanda, wanafunzi na walimu pamoja, Kabul ilipoanguka. Mwanzilishi wake aliiita safari hiyo muhula wa kusoma nje. Unaona? Mkimbizi na mwanafunzi wa kigeni, mtu mmoja, na Kigali ndo ikawa ng'ambo yake. Wakati sisi tunapanga foleni Kiyovu tuondoke, kuna aliyefika.

Sasa ya kazi, maana najua mtaniuliza kwenye komenti. Viza ya kawaida ya mwanafunzi inakupimia saa. Marekani ni 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena kazi za ndani ya chuo. Uingereza kwa shahada ni 20 pia. Ujerumani wanahesabu siku, 140 kamili kwa mwaka, na kabla hujatoka wanataka waone kwenye akaunti iliyofungwa euro 11,904 za mwaka mmoja. Nilimsomea mama namba hiyo. Akauliza kama ni namba ya simu.

Turudi ukutani. Nilikuwa na simu na megabaiti kidogo, nikafungua Mkataba wa 1951 na kuusoma wote, hasira ikinisaidia kuelewa Kiingereza. Kifungu cha 22 kinahusu elimu. Juu ya shule ya msingi, serikali inatakiwa ikutendee vizuri kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote isiwe chini ya wageni wengine. Vyeti vya nje na skolashipu vimetajwa humo. Cha 28 kinahusu hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo Rwanda inaitoa. Halafu mwishoni kuna kiambatisho, kile ambacho watu huwa hawafiki. Aya ya 13 inasema kwamba nchi iliyokupa hati hiyo itakupokea tena katika ardhi yake wakati wowote hati ikiwa bado hai.

Niliisoma mara tatu. Ofisa aliniuliza kama nitarudi nchini kwangu, nami nikajibu habari ya kule nilikokimbia. Kumbe lilikuwepo jibu jingine la kweli: nitarudi Kigali, na Rwanda imeahidi kwa maandishi kunipokea. Halithibitishi nia yangu, hilo najua, na ofisa ana haki ya kukataa. Lakini mlango wa kurudi upo.

Tatizo liko kwenye tarehe. Kiambatisho hicho hicho kinasema hati hai mwaka mmoja au miwili, na shahada ni mitatu au minne. Ikiisha ukiwa huko, unategemea kuongezewa muda au kupewa nyingine, na kama hukuuliza mapema utajikuta umekwama na vitabu vyako. Kwa hiyo kabla ya kuondoka uliza mambo mawili: hati yangu inaisha lini, na nani ataifanya upya nikiwa huko. Ninyi wa ofisi za ulinzi, tunaomba mtuambie hayo siku ya kwanza ya kujaza fomu. Sisi tunayajua tukiwa tumeshafika dirishani.

Nimepata miadi ya pili, Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi. Aya ya 13 nimeichapisha kwa Kiingereza na Kifaransa, nimeiweka juu kabisa kwenye bahasha, mbele ya barua ya chuo. Yule mzee wa Nakivale amesema atanisindikiza mpaka getini. Nimemwambia Kiyovu ni mlima, atachoka. Amesema yeye amepanda zaidi ya huo.