Kifungu kilichoshuka na rupia Mombasa

Kati ya Kigoma na Kalemie kuna ziwa tu. Huku na huku watu wanasema Kiswahili, wanavua dagaa na migebuka, wanajaza makanisa na misikiti. Ila kwenye jambo moja sheria za nchi hizo mbili hazifanani hata kidogo. Upande wa Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujamiiana "kinyume cha maumbile" kuwa kosa la kifungo cha maisha, na hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya miaka 30. Upande wa Kongo, sheria ya jinai haina kifungu cha namna hiyo wala haijawahi kuwa nacho. Hiyo haimaanishi kwamba mwanamume anayeishi na mwanamume mwenzake anakaa raha Kalemie. Majirani ni majirani, na polisi wanaweza kumshika mtu kwa kuvunja adabu hadharani. Lakini kosa lenyewe halimo kitabuni.

Tofauti hiyo haikutoka kwa Waha wala kwa Watabwa, wenyeji wa pande hizo mbili. Imetokana na nani alitawala wapi.

Mwaka 1791 wanamapinduzi wa Ufaransa walitunga kanuni mpya ya adhabu, wakayafuta makosa waliyoyaona kuwa ya kidini tu: uzushi, uchawi, na ulawiti pia. Kanuni ya Napoleon ya 1810 ilifuata njia hiyo, ikaenea hadi Ubelgiji, na Wabelgiji wakaenda na desturi yao ya sheria Kongo. Kwa mengine walikuwa wakatili kupindukia. Mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira ni ushahidi tosha. Hili tu hawakulileta.

Waingereza walikuwa na historia yao. Hadi zama za Mfalme Henry VIII, kesi za namna hii zilikuwa mikononi mwa mahakama za kanisa. Mwaka 1533, akiwa katika ugomvi wake na Roma, mfalme alipitisha sheria iliyolihamishia kosa hilo serikalini, adhabu yake ikiwa kunyongwa na mali ya mkosaji kuchukuliwa na dola. Kipengele cha mali kilikuwa na uzito wake, maana miaka hiyo ndiyo serikali ilikuwa ikizinyang'anya nyumba za watawa. Watu wawili wa mwisho kunyongwa Uingereza kwa kosa hilo, James Pratt na John Smith, walinyongwa London mwaka 1835. Adhabu ya kifo kwa kosa hilo ikaondolewa 1861.

Wakati Pratt na Smith wanapelekwa kitanzini, mwanasiasa na mwandishi Thomas Babington Macaulay alikuwa India, akiongoza tume ya kuandika kanuni moja ya adhabu kwa nchi yote. Rasimu yake ilikuwa tayari 1837. Kwenye vifungu vya "maumbile" alieleza kwamba angependa jambo hilo lisemwe kwa uchache iwezekanavyo, hata mjadala wake usiwepo. Rasimu ikakaa kabatini zaidi ya miaka 20, ikarekebishwa na wengine, ikapita 1860 na kuanza kazi 1862. Macaulay alikwisha kufa mwaka 1859. Kifungu cha 377 kiliadhibu kujamiiana kinyume cha maumbile na mwanamume, mwanamke au mnyama. Ndivyo sheria iliyokusudiwa kuwagusa mamilioni ya watu ilivyoanzishwa na mtu asiyetaka izungumzwe.

Kutoka India hadi pwani yetu safari ilikuwa fupi. Mahakama ya Waingereza kule Zanzibar ilipeleka rufaa zake Bombay. Ilipofika 1897, Kanuni ya Adhabu ya India ilitangazwa kutumika katika himaya ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Ilishuka Mombasa miaka ile ile ya rupia, makarani na mafundi wa reli. Sidhani kama kuna afisa aliyekaa akawauliza wazee wa Kikuyu au wa Kimijikenda kuhusu kifungu cha 377. Maofisa walihitaji sheria ya haraka kwa ajili ya wizi, mauaji na ghasia, na kifungu hicho kilikuwa ndani ya kitabu.

Pwani haikuwa tupu kabla ya hapo. Makadhi walikuwapo, na Uislamu unaharamisha liwati. Ila katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, kosa hilo hupimwa kwa mizani ya zinaa, na zinaa bila ungamo hudai mashahidi wanne walioona kwa macho yao. Kwa vigezo hivyo, mambo mengi yalibaki kati ya mtu na Mola wake. Dola ya kikoloni ilileta kitu kingine: polisi wa kupekua, mwendesha mashtaka, na jela.

Wajerumani nao, upande wa Tanganyika, walikuwa na aya yao ya 175 dhidi ya kosa hilo. Jinsi ilivyoweza kutumiwa ilionekana Dar es Salaam mnamo 1910. Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyewahi kuwa konseli Zanzibar na aliyekijua Kiswahili, alichukiwa na walowezi kwa sababu baada ya Vita vya Maji Maji alitegemea zaidi kilimo cha Waafrika na biashara ya Wahindi kuliko mashamba yao. Gazeti lililowatetea walowezi likaanza kudokeza habari za gavana na watumishi wake wa kiume. Mhariri akashtakiwa kwa kashfa, na mji mzima ukawa na la kuongea. Ukisoma kisa kile unaona wazi kwamba ugomvi ulikuwa wa pamba na mkonge. Kitanda kilikuwa silaha tu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliileta Kanuni ya India Tanganyika pia. Kisha ofisi ya makoloni London ikabadili mawazo. Walowezi wa Kenya walikuwa hawapendi kuhukumiwa kwa sheria ya India, na maofisa wa London walitaka makoloni ya Afrika yafanane. Wakachukua kanuni iliyoandikwa na Samuel Griffith na kupitishwa Queensland, Australia, mwaka 1899, ambayo ilikwisha kupandikizwa Nigeria. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zikapata kanuni karibu pacha, Zanzibar ikafuata 1934. Kanuni hizo zilikuwa pana kuliko ya Macaulay: sasa aliyekubali kufanyiwa naye alitajwa, na jaribio likawa kosa linalojitegemea.

Hapo ndipo wanaoishutumu sheria hii husimama, wakisema ni mali ya mkoloni. Ni kweli, lakini hadithi haijaisha. Uingereza na Wales ziliacha kuwafunga wanaume watu wazima waliokubaliana faraghani mwaka 1967, na mwaka 2018 Waziri Mkuu Theresa May alisema anasikitishwa sana na sheria hizo zilizoachwa makoloni. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya India ilikiondolea kifungu cha 377 makali yake kwa watu wazima waliokubaliana. Msumbiji, iliyorithi sheria za Wareno, ilianza kutumia kanuni mpya isiyo na katazo hilo mwaka 2015.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Kifungo cha miaka 30 hadi maisha cha Tanzania hakikuandikwa na Mwingereza. Bunge ndilo lililoiongeza adhabu hiyo mwaka 1998, ndani ya sheria iliyokusudiwa kuwalinda wanawake na watoto dhidi ya ukatili wa kijinsia. Zanzibar ilipofanya marekebisho mwaka 2004 iliwaingiza na wanawake, ambao wakoloni hawakuwataja. Majaji wa Nairobi waliviacha vifungu vya 1930 mahali pake Mei 2019. Mwaka 2023 Uganda ikaongeza adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, adhabu ambayo Waingereza wenyewe waliifuta 1861.

Na Burundi, iliyotawaliwa na Wabelgiji kama Kongo, haikuwa na chochote cha kurithi. Mwaka 2009 Baraza la Seneti lilikikataa kifungu cha kuwaadhibu watu wa jinsia moja wanaojamiiana, Bunge likakirudisha, na Rais Pierre Nkurunziza akatia saini mwezi Aprili: kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Ni kanuni ile ile mpya iliyofuta adhabu ya kifo nchini humo.