Ndege Iliyopaa kwa Pesa za Miti

Agosti 10, 2025 ilitimia miaka 30 tangu ndege ya N250 iruke kwa mara ya kwanza mjini Bandung, Indonesia. Ilikuwa ndege ya pangaboi ya abiria 50, iliyoundwa na Waindonesia chini ya uongozi wa B. J. Habibie, na Rais Suharto alikuwapo kuishuhudia. Haikuwahi kuingia sokoni. Tangu 2020 imo katika makumbusho ya jeshi la anga, Yogyakarta. Fedha zilizoibeba IPTN, kampuni iliyoiunda, kwa sehemu zilitoka kwenye mfuko wa kupanda miti.

Mfuko huo, Dana Reboisasi, ulianza 1980 kama dhamana tu. Kampuni ya magogo iliweka dola 4 kwa kila mita ya ujazo, na ingerudishiwa ikishapanda miti mingine. Nyingi ziliona heri kuipoteza dhamana kuliko kushika jembe. Mwaka 1989 ikageuzwa tozo isiyorudishwa, na fedha zikawa zinakaa mikononi mwa Wizara ya Misitu, nje ya bajeti ya nchi. Mtafiti Christopher Barr na wenzake wa CIFOR, kituo cha utafiti wa misitu kilichopo Bogor, waliandika historia ya mfuko huu mwaka 2010. Kwa hesabu yao, ulikusanya dola bilioni 5.8 katika takriban miaka 20.

Juni 1994 Suharto alitia saini amri namba 42: rupia bilioni 400 zitoke kwenye mfuko ziende IPTN, mkopo usio na riba. Habibie alikuwa mkuu wa kampuni hiyo, na papo hapo waziri wa teknolojia. Yaani mkopaji aliketi meza moja na mkopeshaji, na miti haikuwa na mwakilishi.

Mashirika ya mazingira, yakiongozwa na Walhi, yakathubutu kumpeleka rais mahakamani. Haikuwa zama za kuthubutu. Mwezi uleule wa Juni serikali ilikuwa imefungia majarida matatu, likiwamo Tempo, lililokuwa limeandika juu ya mvutano wa bei ya manowari kuukuu za Ujerumani Mashariki. Aliyesimamia ununuzi huo ni Habibie huyohuyo. Kesi ya Walhi ikatupwa. Hata hivyo, wananchi wakawa wamejua kuwa mfuko upo, na unachotwa na nani.

Uchotaji haukukoma. Fedha nyingine zilizama Kalimantan ya Kati, kwenye mradi wa kugeuza hekta milioni moja za ardhi oevu kuwa mashamba ya mpunga. Mifereji ilichimbwa, ardhi ikakauka, na mwaka 1997 moto ukaila. Mpunga haukustawi.

Kampuni za mashamba ya miti nazo zilipewa ruzuku kwa kila hekta zilizodai kupanda. Watanzania wanaokumbuka wafanyakazi hewa hawatashangaa kusikia habari za miti hewa. Probosutedjo, ndugu wa Suharto kwa mzazi mmoja, alihukumiwa kifungo mwaka 2003 kwa kujipatia fedha kwa namna hiyo. Mwaka 2005, rufaa ikiendelea, alisema hadharani kwamba kesi ilikuwa imemgharimu rupia bilioni 16 za mlungula. Mwaka huohuo akaingia gerezani.

Aliyefunga bomba ni IMF. Januari 1998, uchumi ukiporomoka, Suharto aliinama kutia saini masharti ya mkopo huku Michel Camdessus, mkuu wa shirika hilo, akiwa amesimama juu yake, mikono kifuani. Picha ile iliwachoma Waindonesia wengi. Lakini masharti yenyewe yaliuingiza mfuko wa miti kwenye bajeti na kukata fedha za ndege, mambo ambayo Walhi walikuwa wameyadai bure. Ukaguzi wa Ernst & Young wa 1999 ulikuta hasara ya dola bilioni 5.2 katika miaka mitano.

Fedha za misitu hutoka pia kwa wafadhili wa nje. Norway iliiahidi Tanzania krone milioni 500 za kupunguza ukataji wa misitu mwaka 2008, na Indonesia dola bilioni moja mwaka 2010. Sasa Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni za 2022, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinalipwa kwa kutunza misitu. Mjadala wa mikataba hii huishia kwenye ukubwa wa hundi. Swali la nani ana saini ya akaunti, na nani anamkagua, huulizwa kwa nadra mno.

Indonesia imelijibu kwa sehemu. Ilivunja mkataba na Norway mwaka 2021 kwa kucheleweshewa malipo, wakapatana 2022, na dola milioni 56 za kwanza zikalipwa. Hazikupelekwa Wizara ya Misitu. Ziliingia kwenye mfuko wa mazingira ulio chini ya Wizara ya Fedha.