Makarenko, watoto wa mitaani na kamera iliyobadilishwa jina

Leo tuache kidogo habari za bumu na foleni ya kantini, tupige historia.

Sisi wa ualimu Anton Makarenko tunamkariri kwa ajili ya mtihani: elimu ya kazi, nidhamu ya kundi, basi. Lakini mnajua kuwa vijana wake walitengeneza kamera? Mwaka 1927 ilianzishwa komuni huko Kharkiv, Ukraine, kwa ajili ya watoto wa mitaani, wengi wao wakiwa yatima wa vita na njaa. Walisoma na kufanya kazi za mikono chini ya Makarenko. Walianza na vitu kama fanicha, wakaja drili za umeme, na mwaka 1934 wakaanza kutoa kamera kwa wingi. Waliiga Leica II, kamera ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1932. Waliiita FED, herufi za mwanzo za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, yule mkuu wa polisi wa siri wa Kisovieti, maana komuni yenyewe ilipewa jina lake. Baada ya vita, mwaka 1948, kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow nacho kikaanza kutoa nduguye, Zorki.

Sasa sikilizeni balaa. Leica ya zamani ina bei kubwa, FED ni rahisi, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Wajanja wakaona dili. Hasa Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, FED na Zorki kibao zilikwanguliwa jina, zikachongwa "Leica" na kuuzwa kwa wakusanyaji. Nyingine zikapakwa rangi ya dhahabu au kuwekwa alama za jeshi la Hitler, ili mnunuzi adhani ameokota hazina. Lenzi nazo hazikupona: Industar ikaitwa Elmar.

Utaijuaje? Ni kama kuchagua mtumba, usisome lebo tu, geuza nguo uangalie mshono. Kwanza fungua lenzi, inatoka kama skurubu. Ndani, juu, kuna kikono kinachosukumwa na lenzi ili kupima umbali. Kwenye Leica ncha yake ni kigurudumu. Kwenye FED na Zorki za mwanzo ni kipande cha chuma kilichochongoka, hakizunguki. Halafu angalia lenzi yenyewe, kwenye vile vipazia vinavyopunguza mwanga. Elmar ya milimita 50 vinakaa nyuma ya kioo cha kwanza. Industar-22 vinakaa nyuma ya kioo cha pili. Mtu anaweza kuchonga jina lolote nje, lakini kubadili mpangilio wa vioo ni kazi nyingine kabisa.

Ila tusiseme kila kilichobadilishwa ni feki. Kiwanda cha Leitz chenyewe kilikuwa kinapokea Leica za zamani na kuziongezea vifaa vipya. Na mwaka 1955 kilimtengenezea David Douglas Duncan, mpigapicha wa gazeti la Life, kamera 4 za M3 zilizorekebishwa zikubali kifaa cha chini cha kuvutia filamu haraka. Moja yao iliuzwa Vienna mwaka 2012 kwa zaidi ya euro milioni 1.6! Marekebisho ni yaleyale ya mikono ya fundi, tofauti ni kwamba yale yanajulikana nani aliyafanya, lini, na kwa ajili ya nani.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Aliyechonga "Leica" juu ya FED amemwibia mnunuzi hela, sawa, lakini pia amefuta jina la kazi ya vijana ambao jamii ilishawaita wahuni. Walipewa vyuma na vioo, wakatoa kamera ambayo mpaka leo inahitaji jicho la mtaalamu kuitofautisha na ya Mjerumani. Kwa mwalimu mtarajiwa, ushahidi gani tena unataka kuwa mtoto wa mitaani anafundishika? Nikipewa nichague, nachukua FED iliyochakaa, yenye jina lake halisi.

Haya, esei ya saikolojia inakusanywa Jumatatu na sijafika hata nusu. Alamsiki!