Barabara Hupimwa Mkandarasi Akishaondoka

Desemba 1901, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, pale palipo Kisumu ya leo. Urefu wake ulipita kilomita 900. Hazina ya Uingereza ilitumia zaidi ya pauni milioni 5, na katika vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, kwa ajali na, kule Tsavo, kwa meno ya simba. Wahandisi wakahesabu kazi imekwisha. Kwa watunza hazina ndiyo kwanza ilikuwa inaanza: treni zitabeba nini, nani atalipa, na fedha zitarudi lini?

Swali hilo halijatuacha tangu hapo. Kila kizazi cha wajenzi wa reli na barabara Afrika Mashariki kimelijibu kwa kipimo chake, na kila kipimo kimemwacha mtu nje ya hesabu. Mara nyingi huyo aliyeachwa ndiye aliyekuja kulipa.

Reli iliyolipiwa kwa ardhi

Jibu la watawala wa Kenya lilikuwa walowezi. Kamishna Charles Eliot aliamini kuwa bila mashamba makubwa ya Wazungu kandokando ya njia, reli isingepata mizigo ya kutosha kujiendesha. Mashamba yakahitaji ardhi, na ardhi ilikuwa na wenyewe. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa kwenye malisho ya Bonde la Ufa jirani na reli, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwahamisha tena kutoka Laikipia. Vitabu vya reli vikatengamaa, lakini sehemu ya gharama ilikuwa imehamishiwa kwa mfugaji, na haikuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu.

Upande wa Tanganyika, Wajerumani walianza Tanga katika miaka ya 1890 na kufika Moshi mwaka 1911, wakifuata mkonge na kahawa. Reli ya Kati iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Morogoro, Dodoma na Tabora, ikafika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Kwa sehemu kubwa ilipita katika ukanda ule ule ambao wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiukanyaga kati ya pwani na Ujiji kwa miongo mingi. Bagamoyo, bandari ya misafara hiyo, ilififia kwa kukosa reli, ila njia yenyewe haikufa. Imepita mikononi mwa Wajerumani, Waingereza na serikali huru, na hadi leo watu na mizigo wanaihitaji, kwa sababu ilifuata biashara iliyokuwepo kabla yake.

Linganisha na reli ya kusini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Nachingwea ikafyekwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kuviunganisha. Karanga hazikuota kama ramani za London zilivyoahidi. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na mamilioni ya pauni yamefutwa vitabuni. Reli iliendelea kwa hasara miaka michache, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mataruma yake yakang'olewa. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga zile zile, ingali hai na inasafirisha korosho za kusini na makaa ya mawe ya Ruvuma. Mradi mmoja uliacha mfu na mzima, na mwaka 1947 hakuna aliyeweza kusema yupi ni yupi.

Hesabu inayosahau wajukuu

Wakati huo wataalamu walikuwa wakitafuta kanuni ya kupima miradi kabla ya kuijenga. Mzizi wake ni wa zamani: mwaka 1844 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliandika jinsi ya kupima manufaa ya kazi za umma, akitumia mifano ya madaraja na barabara. Kwa Afrika Mashariki hatua kubwa ilikuja kati ya 1971 na 1974, pale maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara, ikishirikiana na Benki ya Dunia, ilipochunguza barabara za Kenya zenyewe. Walipima jinsi changarawe inavyoliwa na magurudumu, lami inavyopasuka, na gari linavyotumia mafuta na matairi zaidi barabara inapoharibika. Vipimo hivyo vilisaidia kuzaa programu za kukokotoa gharama za barabara ambazo baadaye zilienea duniani kote. Mhandisi wa Bolivia au Nepal anayefanya upembuzi yakinifu leo anatumia elimu ambayo sehemu yake ilichotwa kwenye vumbi la Kenya.

Kanuni ile ilikuwa na nguvu kubwa na upofu mkubwa. Ilihesabu muda unaookolewa, mafuta na vipuri. Kisha ilipunguza thamani ya kila kitu kitakachotokea mbeleni. Kwa kiwango cha asilimia 12, ambacho benki za maendeleo zilikizoea kwa miaka mingi, hasara ya shilingi 100 itakayotokea baada ya miaka 20 huhesabiwa leo kama shilingi 10 hivi. Baada ya miaka 30 hubaki kama shilingi 3. Msitu utakaokauka, kijiji kitakachofurika na daraja litakalochoka vinaingia katika hesabu kama senti za chenji.

Tazara: wote walikosea, wote walipatia

Mtihani mgumu zaidi wa kanuni hiyo ni reli ya Tazara. Katika miaka ya 1960 Benki ya Dunia ilikataa kuigharimia, ikisema haina faida ya kiuchumi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia ikawa mateka wa njia zinazopita kusini. Marais Nyerere wa Tanzania na Kaunda wa Zambia wakaigeukia China, iliyotoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1975 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikuwa imekamilika kabla ya muda uliopangwa, ikiwa imevuka Bonde la Kilombero na kupanda milima ya Nyanda za Juu Kusini kwa mahandaki na mamia ya madaraja.

Kwa kipimo cha ukombozi, ilifanikiwa. Kwa kipimo cha tani, haikuwahi kufika milioni 2 kwa mwaka ilizosanifiwa kubeba. Rhodesia ilipogeuka Zimbabwe huru mwaka 1980 njia za kusini zilianza kufunguka, na Afrika Kusini ilipobadilika mwaka 1994 sababu ya kisiasa iliyoizaa ikaondoka. Vichwa vya treni vikachakaa, fedha za matengenezo zikakosekana, na katika miaka ya karibuni mizigo ilishuka chini ya tani nusu milioni kwa mwaka. Huku malori yamejaa katika barabara ya Tunduma iliyo sambamba nayo, Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilisaini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua. Wakosoaji wa miaka ya 1960 walikuwa sahihi kuhusu fedha, na hawakuona kuwa kuna mambo taifa hununua kwa hasara kwa makusudi. Waasisi walikuwa sahihi kuhusu uhuru, na hawakuacha mfuko wa kuitunza reli baada ya uhuru kupatikana.

Ufa uliogeuka ukuta

Matengenezo ndiyo yaliyoangusha barabara nyingi pia. Baada ya uhuru serikali zilijenga kwa mikopo na misaada, na wafadhili walipenda kufungua kuliko kutunza. Miaka ya 1980 ilipofika na bajeti kubanwa, greda zilikaa bila dizeli, makalavati yakaziba, lami ikageuka mashimo. Mwaka 1994 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa katika muongo uliotangulia, dola bilioni 12 za matengenezo ya wakati zingeokoa dola bilioni 45 za kujenga upya barabara Kusini mwa Sahara. Wahenga walikwisha kuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ulikuwa karibu mara nne ya ufa.

Funzo hilo lilileta mageuzi. Kenya ilianzisha tozo ya matengenezo ya barabara kwenye mafuta mwaka 1993. Tanzania ikaunda Mfuko wa Barabara, na mwaka 2000 ikaanzisha TANROADS kusimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA ikafuata mwaka 2017 kwa barabara za vijijini na mijini. Mizani nayo ikapata uzito wa kisheria. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa ukiongeza maradufu uzito wa ekseli, madhara kwa lami huongezeka takriban mara 16. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Dereva anayempenyezea mtumishi wa mizani noti mkononi anakula barabara ya watu wote.

Hata hivyo mfuko unaotegemea lita za mafuta una tatizo lake la baadaye. Kadiri pikipiki na magari ya umeme yanavyoongezeka, ndivyo tozo hiyo itakavyopungua, na barabara haitapunguza njaa yake.

Nyumbu, nyumba na njia za tembo

Mazingira yaliingia mezani kwa kuchelewa. Marekani ilianza kudai tathmini ya athari kwa mazingira kwa sheria iliyosainiwa Januari 1970. Tanzania iliunda Baraza la Mazingira mwaka 1983, Kenya ikapata sheria yake kuu mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imeshaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi bila masharti ya aina hiyo, na hadi leo matuta na vibao vya faini vinajaribu kurekebisha kile ambacho ramani haikukijali.

Serengeti ilipata bahati ya kuja baadaye. Mwaka 2010, mpango wa barabara kuu kukatiza kaskazini mwa hifadhi, katika njia ya nyumbu wanaohama, ulizua mjadala wa dunia nzima. Shirika la kutetea wanyama la Nairobi likaenda Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha, ambayo mwaka 2014 ilitamka kuwa barabara ya lami pale ingekiuka Mkataba wa Jumuiya. Lakini madai ya watu wa Loliondo na Mugumu ya kutaka barabara yalikuwa ya haki pia. Tathmini ya kweli haiishii kusema hapana. Inatafuta njia nyingine ya kuwafikia.

Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, ilijengewa vivuko vya tembo Tsavo na baadaye, ilipoendelezwa mbele ya Nairobi, daraja refu juu ya Hifadhi ya Nairobi. Wanyama walifikiriwa, japo wahifadhi hawakuridhika. Waliofikiriwa kidogo ni mama lishe, mafundi na wenye nyumba za wageni wa Mariakani na Mtito Andei, ambao mizigo ilipolazimishwa kwa amri ya serikali kupanda treni waliona malori, riziki yao, yakipungua. Mwaka 2022 serikali mpya iliiondoa amri hiyo. Huku Tanzania, alama ya X nyekundu ukutani imewafundisha wakazi wengi maana ya hifadhi ya barabara; mwaka 2017 mamia ya nyumba kati ya Kimara na Kibaha zilibomolewa kupanua Barabara ya Morogoro.

Mvua haisomi michoro

Kipimo kipya zaidi ni hali ya hewa. Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018 kwa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na ilistahili: basi moja refu hubeba watu ambao wangejaza daladala kadhaa. Karakana ya mabasi hayo, hata hivyo, iliwekwa Jangwani, ndani ya Bonde la Msimbazi, mahali ambapo mto umekuwa ukifurika tangu wazee wakumbuke. Mafuriko ya mwaka huo huo wa tuzo yaliharibu mabasi. Sasa fedha nyingine zinatumika kurekebisha bonde hilo na kivuko cha Jangwani.

Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya kusini katika maeneo ya Kilwa, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara hazikufikika kwa gari kutoka Dar es Salaam. Madaraja yalikuwa yamesanifiwa kwa kumbukumbu za mvua za jana, wakati mvua za leo zina kipimo chao.

Treni za umeme zilizoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 zimeanza na sifa nzuri: haraka, safi, zimejaa abiria. Historia inatuonya tusitoe hukumu mapema. Tutaijua thamani yake atakapotakiwa mtu wa kununua vipuri, mizigo itakaposhindana na malori, na deni litakapoanza kulipwa.

Tathmini zetu hufanyika kabla ya mkataba, zikaandikwa kwa lugha ya benki, kisha zikafungiwa kabatini. Kinachokosekana ni tathmini ya mwaka wa 10 na wa 20: tani zilizobebwa dhidi ya zilizoahidiwa, fedha za matengenezo zilizotolewa dhidi ya zilizohitajika, fidia zilizolipwa dhidi ya zilizopigiwa hesabu, na mara ngapi mvua ilikata njia. Bunge liifanye kuwa sharti la sheria kwa kila mradi wa mkopo, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kata ambako barabara inapita. Utepe ukikatwa karibu nawe, msomaji, waulize viongozi swali moja tu: nani ametengewa fedha za kuitunza?