Alouette, helikopta ndogo iliyoushinda mlima

Barabara ya Sake kwenda Kitchanga hadi Mweso haina urafiki na mtu. Mvua ikikolea, lori huzama hadi ekseli, na vijana wa kijijini hujitokeza na majembe kulichimbua, kwa malipo bila shaka. Kutoka Goma ni karibu kilomita 100, ila dereva ukimuuliza safari ni ndefu kiasi gani, atakujibu kwa siku. Njia ambayo mvua imeiacha, vita huifunga. Kwa hiyo huku Bashali, Masisi, mashariki mwa Congo, mngurumo wa helikopta umezoeleka, hasa wa zile nyeupe za Umoja wa Mataifa, ambazo nyingi ni Mi-8 za Kirusi, dude la injini mbili linaloweza kubeba abiria zaidi ya 20.

Mi-8 si ndogo. Helikopta nyepesi ya kazi, ile ya rubani na watu wanne au sita, ina historia nyingine, na historia hiyo inaihusu milima kama yetu kuliko tunavyodhani.

Panga la helikopta hulala juu ya hewa. Hewa ikipungua uzito, panga hupata pa kushika kidogo, na injini nayo hukosa pumzi. Uwanja wa Goma uko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lile lile, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, Muanda au Mombasa, kwa takribani asilimia 17, na vilima vya Masisi vinapanda juu zaidi ya hapo. Jua la saa nane mchana huongeza shida, kwa kuwa hewa ya moto hupungua uzito tena. Helikopta inayonyanyua watu wanne pwani yaweza kushindwa kunyanyua wawili kilimani.

Helikopta za kwanza zilitumia injini za pistoni, nzito na zenye kuchoka mapema. Nchini Ufaransa, kiwanda cha SNCASE kilijaribu mashine ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikiwa na injini ya nguvu za farasi 200. Haikufika mbali. Kikosi cha mhandisi Charles Marchetti kikaitupa pistoni na kuweka turbini ya Artouste, iliyotengenezwa na Turbomeca, kampuni ya Joseph Szydlowski. Mashine hiyo mpya, Alouette II, iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Machi 1955. Ukiitazama utadhani haijamaliziwa: chumba cha vioo mbele, mkia wa mabomba matupu kama jukwaa la mafundi ujenzi, mapanga matatu juu. Lakini turbini ilikuwa ndogo kwa umbo na nyepesi, tena yenye nguvu za akiba. Wahandisi hawakuiruhusu itoe nguvu zake zote chini, ili ikifika juu na kuanza kupungukiwa, ibaki na kitu. Kwangu mimi, huo ndio ujanja mkubwa wa mashine ile. Tarehe 6 Juni mwaka huo huo rubani Jean Boulet aliipandisha hadi mita 8,209, rekodi ya dunia.

Rekodi ni jambo moja. Kazi ni jingine. Mwishoni mwa Desemba 1956, wapanda mlima wawili vijana, Jean Vincendon wa Ufaransa na François Henry wa Ubelgiji, walikwama kwenye theluji ya Mont Blanc. Jeshi likatuma Sikorsky S-58, helikopta kubwa yenye injini ya pistoni. Ikaanguka karibu nao. Sasa waokoaji wenyewe wakahitaji kuokolewa, na mwanzoni mwa Januari 1957 Alouette II ndizo zilizowashusha. Vincendon na Henry walikuwa wameganda mno. Waliachwa, wakafa huko huko. Ufaransa ililia na kulaumiana, na tangu hapo uokoaji wa milimani ukaanza kupangwa kwa helikopta ndogo za turbini.

Kwetu Afrika Mashariki mlima ulidai chake pia. Mwaka 1970 daktari Mwaustria, Gert Judmaier, alianguka na kuvunjika mguu karibu na kilele cha Batian, Mlima Kenya, mita 5,199. Jim Hastings, rubani Mmarekani, alikwenda kusaidia kwa helikopta, ikaanguka naye akafa. Judmaier aliteremshwa kwa kamba na mikono ya watu, baada ya siku nyingi, akapona.

Congo haikuwa mbali na habari hizi. Force Publique, jeshi la kikoloni, lilikuwa na Alouette II kabla ya uhuru, na baadaye jeshi la Zaire likawa na Alouette III, dada yake mkubwa wa viti saba aliyeruka mara ya kwanza 1959. Kisha India, yenye askari katika Himalaya, ikaomba kitu cha juu zaidi. Wafaransa wakachukua mwili wa Alouette II, wakaupa injini na mapanga ya Alouette III, wakaiita Lama. Iliruka 1969. Turbini yake yenye uwezo wa nguvu za farasi 870 ilizuiwa isizidi 550. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo elfu moja na kidogo, na iliweza kuning'iniza mzigo wa kilo 1,135. Mashine inayobeba zaidi ya uzito wake! Juni 1972 Boulet, yule yule, aliifikisha mita 12,442. Injini ikazimika kwa baridi, naye akashuka hadi ardhini mapanga yakizungushwa na upepo wa kutoka chini tu.

Kwa nini basi anga ya Mweso ni ya Mi-8? Mzigo wa hapa ni tani za dawa, chakula na askari, na injini mbili humtuliza rubani anayepita juu ya msitu wenye bunduki. Hofu hiyo ina sababu: Machi 2022 Puma ya walinda amani ilianguka Tchanzu, Rutshuru, wakafa wanane, na Februari 2023 Oryx ya Afrika Kusini ilipigwa risasi angani, askari mmoja akafa. Lakini mzazi mmoja aliyekwama na uchungu kilimani hahitaji tani tatu za nafasi. Anahitaji machela moja, uwanja mdogo wa nyasi, na rubani aliyetia mafuta ya kwenda na kurudi tu, aondoke alfajiri kabla jua halijaipasha moto hewa.