Ubingwa Usioandikwa Hupotea

Mwaka 1900, mjini Paris, Margaret Abbott wa Marekani alimaliza mashimo tisa ya gofu kwa mikwaju 47, akakabidhiwa bakuli la kaure kama zawadi, akaenda zake. Alifariki mwaka 1955 bila kujua kwamba alikuwa bingwa wa Olimpiki. Wanawake hawakurudi kwenye gofu ya Olimpiki hadi Rio, 2016.

Uingereza, wanawake walikuwa wamejipanga mapema. Mwaka 1893 waliunda chama chao cha gofu, na mwaka huohuo, huko Lytham St Annes, wakamtafuta bingwa wa taifa kwa mtindo wa mmoja kwa mmoja. Lady Margaret Scott alishinda, akarudia 1894 na 1895. Issette Pearson, katibu wa chama hicho, alisimamia handikapu ya pamoja, yaani mfumo wa kusawazisha uwezo, ili wachezaji wa klabu mbalimbali wapimwe kwa kipimo kimoja, jambo ambalo wanaume walikuwa hawajalifanikisha. Klabu kongwe ya St Andrews, iliyoanzishwa 1754, ilipiga kura ya kupokea wanachama wanawake Septemba 2014 tu. Wanawake wasingejiundia chama, wangesubiri zaidi ya karne.

Afrika Mashariki gofu iliingia na wakoloni. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa 1906. Uanachama ulikuwa wa Wazungu, na Mwafrika aliingia uwanjani akiwa amebeba mkoba wa mwingine. Mwanamke wa Kiafrika alikuta milango miwili imefungwa: wa rangi na wa jinsia.

Leo, nchini Tanzania, mchezo una mizizi chini ya Mlima Meru. Arusha kuna klabu ya Gymkhana. Upande wa Usa River kuna uwanja wa Kili Golf wenye mashimo 18. Madina Iddi, mchezaji wa ridhaa kutoka Arusha, ametwaa mataji ndani na nje ya nchi. Wanawake wana chama chao cha gofu cha taifa, TLGU, na mwaka 2024 yalianza mashindano ya Lina PG Tour, yanayomuenzi marehemu Lina Nkya, aliyewahi kuchezea timu ya taifa.

Kumuenzi kwa jina ni hatua njema, lakini haitoshi. Scott anakumbukwa kwa sababu chama chake kiliandika. Abbott alisahauliwa kwa sababu hakuna aliyeuandika ushindi wake kuwa wa Olimpiki. Kila taji la wanawake nchini linastahili kuandikwa: mwaka, uwanja, mshindi na mikwaju yake.